Bima ya Nini, Nahodha ni Kaka Yangu

2 Februari
Bandarini, tukipakia

UKURASA WA MAMA

Mama, shikamoo.

Mimi mzima wa afya. Mpishi wa safari hii anaijua chumvi, si kama yule wa mwaka jana. Makontena ya mtaani kwenu nimeyaona kwa macho yangu yakipandishwa: la mdogo wangu la bluu, lenye mashine za kufulia, na la Fundi Baiskeli la rangi ya kutu. Yamekaa safu ya chini, hayatikisiki. Bahari imetulia kama maji ya beseni. Mtu akikwambia bahari ni hatari, mwambie mwanao yumo na ananenepa.

Mwanao,
Nahodha

UKURASA WAKO

Pasi, huu usimsomee Mama.

Meli imezeeka na mwenye meli hataki kuambiwa. Usukani umekuwa na kichwa kigumu: nikiamuru kushoto, unafikiri kwanza, halafu unageuka kwa wakati wake. Safari iliyopita ulinifanyia hivyo tukiingia bandarini, nikaona ukuta unakuja. Nimewaandikia ofisini kwamba utazamwe kabla hatujaondoka. Wamejibu kwamba fundi atautazama tukishafika kwenu, maana kukaa gatini hapa kunalipiwa na wateja wanangoja. Basi kesho tunang'oa nanga. Nimeshaendesha mabovu kuliko hili.

Umekata bima ya mzigo? Wakumbushe na wenzako.

Kaka yako

*

11 Februari
Nyumbani

Kaka, shikamoo.

Mama amesomewa ukurasa wake, akaupenda, akataka arudiwe pale penye chumvi. Anasema unenepe kwa kiasi, suti yako ya harusi anayo kabatini na haijatumika.

Bima ya nini, Kaka? Nimewaambia wenzangu wote: nahodha ni kaka yangu. Fundi Baiskeli alikuwa ameshaweka pesa ya bima mezani kwangu, nikamrudishia mkononi, nikamwambia akanunulie rangi ya duka. Ameshapaka. Duka sasa ni la kijani, linaumiza macho. Mama naye amesema mzigo uliobebwa na ndugu haukatiwi bima, ni sawa na kumtukana kabla hajakosa.

Habari kubwa ni hospitali. Wamekubali kunipa shuka zote za wodi, mradi mashine ziwe zimefungwa na zinafanya kazi mwishoni mwa Aprili. Mpaka sasa tunafua kwa mikono, mimi na akina dada wawili, na vidole vyetu vimekuwa vya wazee. Hati ya nyumba ya Mama iko benki, unajua. Kwa hiyo ukiona lile la bluu, lipe heshima yake.

Usukani huo upigie kelele kama Mama anavyotupigia sisi. Utageuka tu.

Mdogo wako,
Pasi

*

3 Machi
Ndani ya meli

UKURASA WA MAMA

Mama, shikamoo.

Tumesimama kidogo mferejini kupisha upepo. Mandhari ni nzuri, mchanga huku na mchanga kule. Nakula na kulala. Barua zitachelewa kidogo kwa kuwa wakala wa meli ndiye anayezichukua kwa boti akipata nafasi.

Mwanao,
Nahodha

UKURASA WAKO

Pasi,

Tumekwama. Pua imechimba ukingo huu na mkia umekaa ukingo ule, na mfereji wote umezibwa kama mlango wenye komeo. Nyuma yetu kuna foleni ya meli ambayo mwisho wake siuoni hata kwa darubini. Boti za kuvuta zinavuta, tingatinga moja dogo linachimba chini ya pua yetu, na dereva wake hunipungia mkono kila asubuhi.

Rubani wa mfereji alikuwa pembeni yangu lilipotokea. Sheria ya mahali hapa ni kwamba rubani hupanda melini kukuelekeza njia, lakini yeye ni mshauri tu, na mwenye kujibu ni nahodha. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na sisi wawili tumetosha. Yeye ameshashuka kwenda kwake. Mimi nimebaki na maswali.

Watu wa ofisi wamenishauri nisiandike sana juu ya sababu. Kwa hiyo sababu ni upepo.

Kaka yako

*

10 Machi
Nyumbani

Kaka, shikamoo.

Mama ameiona kwenye televisheni ya jirani. Akasema, "Mbona hiyo meli imeandikwa jina kama la meli ya mwanangu?" Nikamwambia meli hufanana majina kama watu. Akanitazama, akaomba chai.

Umekuwa maarufu. Hapa mtu akisimamisha mkokoteni katikati ya njia anaambiwa amepaki kama nahodha. Juzi mteja aliingia dukani akicheka hilo, nikamchekea nikampa shuka zake, kisha nikaenda nyuma kwenye kamba nikalia kidogo, nikarudi kupiga pasi. Hajui. Wenzangu wa mtaani wanajua, na hawacheki mbele yangu.

Mtatoka lini? Siulizi kwa sababu ya mashine. Naam, nauliza pia kwa sababu ya mashine.

Pasi

*

21 Machi
Ndani ya meli

UKURASA WA MAMA

Mama, shikamoo. Tumetoka pale penye upepo. Sasa tumetia nanga kwenye ziwa la mfereji, mahali patulivu, tunapumzika. Mimi mzima.

Nahodha

UKURASA WAKO

Pasi,

Maji yalipojaa tulinyanyuka. Dereva wa tingatinga alishuka akacheza. Mimi nilishindwa hata kupiga makofi.

Hatupumziki. Mahakama imezuia meli isiondoke. Mamlaka ya mfereji inamdai mwenye meli ushuru wa siku zile zote, na ukingo uliobomoka, na nguvu za kutukwamua. Sisi mabaharia tumo humuhumu tukila wali na kutazama ufuo.

Sasa sikiliza, maana hili linakuhusu. Baharini kuna desturi ya kale kuliko injini. Zamani dhoruba ikipiga, nahodha alitupa mizigo ya wengine ili chombo kipone, na waliopona na mali zao walichangia hasara ya wale waliotupiwa. Haki tupu. Siku hizi inafika mbali zaidi: gharama ya kuiokoa meli hugawanywa kwa wote waliokuwa na kitu ndani yake. Mwenye meli ameitangaza desturi hiyo juu ya mizigo yote. Mchuma janga hula na wa kwao, na sheria ya bahari imeigeuza methali hiyo kuwa ankara.

Mwenye bima, kampuni yake ya bima humwekea dhamana, na anachukua mzigo. Asiye na bima anaweka fedha taslimu kwanza.

Barua yako ile ya "bima ya nini" ilinifikia tukiwa tumeshakwama. Niliisoma chumba cha usukani kikiwa kimejaa watu, nikaikunja.

Kaka yako

*

30 Machi
Nyumbani

Kaka, shikamoo.

Ankara imefika. Wanachotaka niweke kinakaribia bei ya mashine zenyewe. Fundi Baiskeli naye ameipata ya kwake. Kontena lake, kama unavyojua, lina vipuri vyake, na mashine za yule mshona viatu, na vitambaa vya akina mama wa kona. Hakuna hata mmoja aliyekata bima, na wote walinisikiliza mimi.

Tulikutana dukani kwangu, tukakaa kati ya shuka kwa kuwa hakuna pengine. Nilitegemea kelele. Fundi Baiskeli alisema neno moja tu, "Rangi ile nayo haikuwa nzuri."

Wakili wa wenye mizigo alikuja, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Akatueleza hivi, nami nakuandikia kama nilivyoelewa. Ikiwa nahodha alikosea tu katika kuendesha, au ni upepo, mwenye meli halaumiwi, na sisi tunachangia. Lakini ikiwa meli iliondoka bandarini ikiwa mgonjwa na mwenye meli akijua, basi hasara aile peke yake, hana haki ya kutuchangisha hata senti. Nikauliza, na nahodha aliyejua naye akaondoka? Akavua miwani. Akasema huyo akilitamka mahakamani, cheti chake cha unahodha kitamtoka.

Hakuna aliyenitazama. Nilishukuru shuka zilikuwapo za kukunja.

Kaka, nijibu kwa ukurasa wangu: ulikosea, au meli ilikuwa mgonjwa?

Pasi

*

8 Aprili
Ndani ya meli

UKURASA WA MAMA

Mama, shikamoo. Habari njema. Kampuni inanipa kazi ya nchi kavu, ofisini, kwenye meza yenye droo. Nitakuwa nalala kitandani kisichoyumba. Mwaka huu utaniona.

Nahodha

UKURASA WAKO

Pasi,

Swali lako nimelipata.

Utapokea barua ya kampuni. Usibishane nayo. Nenda katoe mashine zako, ufue shuka za hospitali, uirudishe hati ya Mama. Kiinua mgongo changu kitabaki salama, na meza ile ni ya kweli, nimeonyeshwa picha yake.

Upepo ulikuwa mkali.

Kaka yako

*

9 Aprili

Kwa Mwenye Shehena, Kontena la Mashine za Kufulia

Yah: Kusamehewa Amana ya Mchango

Ndugu Mteja,

Rejea ankara yetu ya mwezi uliopita. Tunapenda kukujulisha kwamba, kufuatia maelezo ambayo Nahodha ametia saini akikiri kosa lake la uamuzi katika hali ya upepo, na kwa kutambua ushirikiano wake mwema, kampuni imeridhia kukusamehe amana yote uliyotakiwa kuweka. Kontena lako litasafirishwa kwa chombo kingine na unaweza kulichukua mara likifika.

Msamaha huu ni wako binafsi na hauhusu shehena nyingine yoyote. Tunakuomba uutunze kama siri baina yetu.

Wako mtiifu,
Ofisa wa Madai,
kwa niaba ya Mwenye Meli

*

16 Aprili
Nyumbani

Kaka,

Barua ya kampuni niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Furaha ndiyo iliyotangulia, sitakuficha. Nilikuwa nimeshapima na fundi umeme mahali pa kuzifunga mashine, na alama za chaki zipo sakafuni.

Kisha Fundi Baiskeli akaingia na ovaroli lake. Siku zote hulifua mwenyewe, lakini tangu mkasa huu analileta kwangu kila wiki na kulipa, nadhani ili nisidhani ana kinyongo. Akaiona bahasha yenye nembo. Akaniuliza, "Na mimi nimeandikiwa?" Nikamwambia ya kwake itakuwa njiani.

Nilidanganya kwa wepesi kabisa, ulimi haukuteleza. Ndipo nikajua ulivyojisikia ulipoandika habari za upepo.

Hebu tazama ulichofanya. Ukisema ulikosea, mwenye meli anapona, na kila mtu mwenye kitu kwenye meli ile anachangia. Mimi peke yangu natolewa kwa mlango wa uani. Saini yako ndiyo kufuli la kontena la Fundi Baiskeli, na mimi ndiye niliyemrudishia pesa ya bima mkononi. Umeninunulia mashine kwa mali ya majirani. Nazifunga wapi mashine hizo, Kaka? Duka langu linatazamana na lake.

Nimewajibu kampuni. Kontena langu litatoka siku moja na lile la rangi ya kutu, la sivyo likae bandarini lioze. Hospitali nimewaambia ukweli kwamba huenda nisiwahi. Hawakufurahi.

Habari za ule usukani wenye kichwa kigumu uliniambia mwenyewe kabla hamjaondoka. Sijamwambia mtu, wala sitamwambia, hata yule wakili. Wewe ndiye uliyekuwa umeushika, wewe ndiye wa kuusema. Ukinyamaza nitakuwa dada yako vilevile, nitakufulia mashati yako ya ofisini na kuyatia wanga. Ila nitakuwa nimekasirika, na hasira yangu unaijua, haina kelele na haiishi.

Nakupenda na sikuelewi.

Pasi

*

9 Mei
Mjini, nyumba ya mabaharia

Mama, shikamoo. Pasi, mdogo wangu.

Barua hii ina ukurasa mmoja. Msomee Mama wote, usiruke.

Jana niliitwa mahakamani. Chumba kidogo, feni moja, na mawakili wengi kuliko viti. Rubani alikaa benchi la pili akitazama viatu vyake. Wakili wa kampuni aliinua maelezo yale ya upepo akaniuliza kama saini ni yangu. Nikasema saini ni yangu, maneno ni yenu. Jaji akainua kichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Nikasema usukani ulikuwa mgonjwa kabla hatujaondoka. Nikasema niliwaandikia, wakaniambia nenda. Siku ile niliamuru kushoto, ukafikiri, na ulipomaliza kufikiri pua ilikuwa mchangani. Jaji akauliza, "Ulijua?" Nikasema nilijua. "Na ukaondoka?" Nikasema niliondoka. Mkalimani ikabidi ayarudie kwa sauti, kwa hiyo nimekiri mara mbili chumba kizima kikisikia.

Mama, nilikuandikia kwamba bahari imetulia. Upepo ulikuwapo, sikukudanganya hapo. Lakini meli zilizotutangulia zilipita katika upepo uleule. Mengine yote niliyokuandikia tangu Februari yaondoe, ubaki na ile chumvi. Ilikuwa kweli.

Cheti changu kimechukuliwa, na sidhani kitarudi. Meza yenye droo amepewa mwingine. Kiinua mgongo nimeambiwa nikisubiri, kwa ule mdomo wa watu wanaokuambia usubiri ili usiulize tena. Nimehuzunika, Mama. Nimeanza kazi hii sijaota ndevu, na jana nilitoka pale nikiwa mtu asiye na kazi, mwenye begi moja. Lakini usiku nililala bila kuusikia ule usukani ukifikiri.

Pasi, uliniuliza swali moja nikakujibu kwa hali ya hewa. Nisamehe.

Mwanao na kaka yako, asiye nahodha tena

*

2 Juni
Nyumbani

Kaka, shikamoo.

Makontena yametoka. Mahakama imeamuru mizigo iachiwe bila mchango wa mtu, na mwenye meli atajijua na bima yake na mamlaka ya mfereji. Yalifika asubuhi moja, la bluu mbele, la kutu nyuma. Fundi Baiskeli alilipigapiga lake ubavuni kama ng'ombe aliyepotea. Kisha akaniambia, "Huyo kaka yako akija, baiskeli yake ipo, sitaki pesa." Na ovaroli lake hajalileta tena. Ameanza kulifua mwenyewe, kwa hiyo tumepatana.

Hospitali hawakusubiri. Shuka za wodi wamempa mtu mwingine. Nimebakiwa na shuka za chumba cha upasuaji, ambazo hakuna anayezitaka kwa sababu ya madoa. Benki nimekwenda, tumepanga upya, tutalipa polepole. Mashine ni kubwa na nzuri, na usiponipa mtu wa kuzisimamia nitazisimamia mwenyewe na kuwa na vidole vya msichana.

Mama nimemsomea barua yako yote. Alisikiliza mikono iko magotini. Nilipofika pale uliposema "nilijua", aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Hii ndiyo barua yake ya kwanza niliyosomewa nzima." Kumbe miaka yote hii amekuwa akinisikia nikifunua karatasi ya pili na kuikunja. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema watoto wake wawili walikuwa wanapeana siri, naye alifurahi kwamba tuna kitu cha kupeana.

Usiku nilimsikia akilia. Asubuhi aliitoa suti yako kabatini, akaniambia niipige pasi.

Njoo. Tiketi ya basi ya kutoka bandarini kwetu hadi nyumbani nimekukatia, iko kwenye bahasha hii. Karani aliuliza kama tunataka na bima ya abiria. Kabla sijajibu, Mama akafungua pochi yake akalipa.

Mdogo wako,
Pasi